Hatua Sitini Zilizopotea

Juma hili naandika kutoka Matinyani, upande wa Kitui, nilikokuja kumjulia hali binti yangu. Alitaka kumkodia jirani ardhi kidogo apate kupanua konde lake la ndengu: mraba wa hatua 10, uongezwe hatua 3 kwa urefu na 3 kwa upana. Mwanawe, aliye sekondari, akampigia hesabu. Ubavu wa konde akauita x. Akazidisha x kwa x, na 3 kwa 3. Nyongeza, akasema, ni hatua za mraba 9.

"Mabano huzidishwa hivyo, Babu," akaniambia kwa yakini.

Lau kodi ingalipelekwa ya hatua 9, jirani angalidhulumiwa, na Surat Mutaffifin twaisoma sote.

Sikumkemea. Tulichukua kamba ya katani na vigingi, tukatoka. Mraba wa zamani ukabaki pale pale, 100. Ubavuni pakatokea ukanda wa 10 kwa 3, yaani 30. Upande wa juu ukanda mwingine wa 30. Na pembeni mraba mdogo wa 9. Jumla 169, wala si 109. Akazitazama zile kanda mbili, kimya. Nyongeza ilikuwa 69.

Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, alikwisha kueleza kwamba mafungu mawili yenye sehemu mbili mbili hudai kuzidisha mara nne. Hakuwa na x. Kisichojulikana alikiita "kitu", na sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za wasia na mirathi. (Nasi twawaacha watoto wadhani aljebra ilishuka na meli ya Mreno!)

Ndani, kijana akaandika upya: (x + 3)(x + 3) = x² + 3x + 3x + 9, yaani x² + 6x + 9. Nikamjaribu: je, urefu ukiongezwa 3, na kinga maji likala 2 za upana? Akasitasita penye alama ya kutoa, kisha akapata x² + x − 6. Tukaweka 10 mahali pa x: 104, sawasawa na 13 mara 8.

"Na tangi la maji, Babu, lenye pande tatu?"

Mara nane, nikamwambia. Magharibi ilitukuta tungali tukilikata tangi la udongo vipande vinane.