Ujuzi Usioandikwa

Siku hizi wapo waajiri wanaoiagiza akili unde iwaorodheshee ujuzi wa wafanyakazi wao. Kazi ya wiki kadhaa humalizika kwa dakika chache. Hatuoni ubaya hapo, mradi muda uliookolewa utumike kuzungumza na watu.

Lakini chombo hicho hujua yaliyoandikwa tu. Hapa Mangapwani, fundi wa madau huenda hana cheti; mkono wake ndio shahada yake. Mvuvi husoma upepo na bamvua bila kitabu. Wasipoulizwa, orodha itawaona si kitu. Kule Bara, VETA huutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi kwa kumpima mtu akitenda. Huo ni mfano mwema.

Pwani yetu ina chumba kilichochongwa mwambani, ambamo, yasimuliwa, watumwa walifichwa kama bidhaa. Twajua hesabu isiyo na utu huishia wapi. Papa Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Hati ya Vatikani Antiqua et Nova, ya Januari 2025, yatukumbusha kuwa akili unde ni zao la akili ya binadamu.

Basi, ewe mwajiri, itumie. Kisha mwite fundi, umsomee ulichoandikiwa, naye akusahihishe.