Nesi Anabeba Boksi, Mzee Hana Muuguzi

Kanada inazeeka. Mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi wastani wa watoto 1.26 kwa kila mwanamke, na karibu asilimia 98 ya ongezeko la watu ilitokana na wahamiaji. Sasa, bila wageni nani atauguza wazee, na nani atalipa kodi?

Oktoba 2024 serikali ikabana. Lengo la kupokea wakaazi wa kudumu 500,000 mwaka 2025 likashushwa hadi 395,000, kwa kuwa nyumba hazitoshi. Sawa, kodi ya nyumba inatuumiza sote. Lakini hao waliokwisha ingia wanatumikaje?

Tangu 1967 nchi hii huchagua wahamiaji kwa pointi, na cheti chako kinahesabiwa. Ukishatua Jane and Finch, cheti kilekile hakikupi leseni. Basi nesi wa Nairobi anabeba boksi ghalani, huku mzee akisubiri wa kumgeuza kitandani. Hiyo ni hasara, tena ya kujitakia!

Leseni hizo ni mambo ya jimbo, si ya Ottawa. Kwa hiyo wanafunzi wenzangu, tusiishie kulalamika kwenye ugali wa Jumamosi. Tumwandikie mbunge wetu wa Ontario.