Kivuli Bila Umbo

Siku hizi hapa Sumbawanga kadi ya harusi, bango la duka na hata tangazo la mahafali hutengenezwa kwa kompyuta. Sina ugomvi na mashine hiyo. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ni chombo tu kama jembe. Ugomvi wangu ni na wale wanaodai kwamba kubonyeza umbo lililokwisha kuchorwa na wengine, kisha kulirundikia kivuli, mng'ao na kingo zilizoinuliwa, ndiko kuchora.

Huko siko. Maumbo ya tayari ni mioyo, nyota na mishale. Liko wapi ilungu? Tanuru lile la Wafipa la kuyeyushia chuma, refu kiasi cha mita 3, lililovuta upepo kwa matundu ya chini bila mivukuto, halimo katika orodha iliyopangwa ng'ambo. Tusipolichora sisi, nani atalichora? Kijana na achukue kalamu ya programu, aweke nukta baada ya nukta kufuata mgongo wa tanuru, aupinde mstari, aufunge pale alipoanzia, kisha alihifadhi umbo lake alitumie tena na tena.

Wataniambia wateja wanapenda madoido. Mteja hupenda alichoonyeshwa. Tena kivuli hufuata kitu: umbo likiwa bovu, kivuli huutangaza ubovu huo mara ya pili. Walimu wenzangu, wafundisheni vijana mstari kwanza. Madoido watajifunza kwa jioni moja.