Vijana wenye usonji wangali mlangoni mwa viwanda vya majanichai

SHERIA mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 na kuchukua mahali pa ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea watu hao angalau asilimia tano ya nafasi za kazi. Katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako majanichai ni tegemeo kuu la ajira, sharti hilo linayagusa mashamba makubwa na viwanda vyote vya zao hilo.

Hata hivyo, lipo kundi ambalo huenda lisionje matunda ya sheria hiyo. Nalo ni la vijana wenye usonji.

Kwanza, ulemavu wao hauonekani kwa macho. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana, na hata watu wenye ualbino wakahesabiwa. Usonji haukuulizwa kivyake. Ni vigumu kuwapangia watu ambao hawakuhesabiwa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni namna ya kuajiri. Mahojiano ya kazi hupima ufasaha wa mdomo, kumtazama mtu machoni na wepesi wa kujibu swali la ghafla. Hayo ndiyo mambo yanayowatatiza wengi wenye usonji. Kijana aweza kuanguka katika mahojiano ya dakika kumi, ilhali kazi yenyewe angeifanya vyema kwa miaka kumi.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana: kijana apewe nafasi ya kujifunza akiwa kazini, ili apimwe kwa matendo. Lakini nchini, nafasi za uanagenzi kwa kawaida hutolewa kwa wanafunzi walio na barua kutoka vyuoni. Wengi wa vijana hawa hufuata mkondo wa masomo unaoishia katika stadi za ufundi. Wakihitimu, hawana barua hiyo, na hurudi nyumbani kwa wazazi.

Kwingineko, njia hii imejaribiwa. Mnamo 1996, hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ilianza kuwafunza vijana wenye ulemavu kazi za kupanga na kujaza vifaa vya matibabu. Mpango huo, uitwao Project SEARCH, baadaye ulichunguzwa katika jimbo la Virginia. Kati ya vijana 24 wenye usonji waliofunzwa hospitalini, 21 walipata kazi. Katika kundi la 16 ambao hawakupitia mpango huo, ni mmoja tu aliyeajiriwa.

Kiwanda cha majanichai, kiwe Litein au Mogogosiek, kina kazi zinazofuata utaratibu ule ule kila siku. Majani hupimwa, hunyaushwa, hukatwakatwa, huchachushwa na kukaushwa, kisha chai hupangwa kwa madaraja kama BP1 na PF1 kabla ya kupakiwa. Zipo pia kazi za ghalani na katika vitalu vya miche. Bila shaka, kelele za mitambo na vumbi huwaumiza baadhi yao. Ndiyo maana kila kijana anahitaji kutafutiwa kazi inayomfaa na msimamizi mmoja anayemwelewa, badala ya kutupwa popote penye pengo.

Wapo watakaouliza ni kazi zipi za kugawana, ikizingatiwa kwamba Mei 2023 mashine za kuchuma majani ziliteketezwa Kericho na watu waliohofia riziki zao. Swali hilo ni la haki. Lakini asilimia tano si hisani. Ni sheria, na haikuwekwa kwa ulemavu wa viungo pekee. Haki pia inadai kwamba mafunzo hayo yawe na kikomo na malipo, yasije yakageuka kazi ya bure.

Fedha za kuanzia si ndoto. Waajiri hutozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kugharamia mafunzo ya viwandani. Iwapo sehemu ya ushuru huo itaelekezwa kwa nafasi chache katika kila kiwanda, chini ya mwalimu wa elimu maalumu na msimamizi wa kiwanda, sheria itakuwa imepata miguu. La sivyo, asilimia tano itabaki kuwa tarakimu kwenye karatasi, na wazazi wa vijana hawa wataendelea kuzeeka wakijiuliza ni nani atakayewalisha watoto wao watakapokuwa hawapo.