Setilaiti zaiona Kayole, anwani haionekani

Mnamo Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji wa kupinga Mswada wa Fedha walivamia Bunge, intaneti ilizorota kote nchini. Safaricom ilieleza kuwa nyaya mbili za chini ya bahari zilikumbwa na hitilafu. Kwa mhudumu wa bodaboda wa Dandora anayesaka wateja wake kwa ramani ya simu, siku kama hiyo ni ya hasara, ingawa si lazima iwe hivyo.

Simu haihitaji data kujua ilipo. Hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, mfumo wa serikali ya Marekani usiotozwa ada, na setilaiti nne zatosha kukokotoa mahali. Data huharakisha tu kuzitambua. Bila data, simu iliyozimwa kwa muda mrefu yaweza kuchukua dakika kadhaa chini ya anga wazi, na katikati ya maghorofa ya Pipeline subira yahitajika zaidi.

Kinacholisha data ni ramani, nayo yaweza kuhifadhiwa mapema. Google iliruhusu watumiaji kuongozwa njia bila intaneti tangu 2015. Organic Maps na OsmAnd, zinazotegemea ramani huria ya OpenStreetMap, hufanya vivyo hivyo. Mtumiaji atakosa hasa habari za msongamano, ambazo kwa barabara ya Jogoo saa kumi na moja jioni hazihitaji setilaiti.

Kizungumkuti ni mita mia za mwisho. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ina nambari za nyumba. Kayole na Umoja Innercore watu huelekezana kwa steji, kanisa na rangi ya lango, mambo ambayo ramani iliyohifadhiwa mara nyingi haiyajui. Ambulensi inayomfuata mja mzito usiku wa manane hufika mtaani, kisha dereva huanza kuuliza njia.

Kuzipa ploti nambari ni wajibu wa kaunti, wala si jambo lisilowezekana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walichora njia za matatu kwa kutumia simu, ramani ikatolewa 2014. Kwa sasa, mkazi aweza kusoma latitudo na longitudo za lango lake kwenye simu, akazituma kwa arafa ya kawaida, naye dereva akaziandika katika ramani aliyoihifadhi.