Sanaa isiwe ya shule za kibinafsi pekee
WANAFUNZI wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na shule za upili Januari 2026, walipata mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwenye karatasi, uchoraji, muziki na uigizaji sasa vina mkondo wake. Hata hivyo, ufinyanzi wahitaji tanuri, muziki wahitaji ala, na uigizaji wahitaji ukumbi usiogeuka bwalo la chakula saa saba. Shule ya kibinafsi yenye karo ya juu hununua hayo na kuajiri mwalimu wa kila fani. Ya kutwa kijijini hungojea mgao wa serikali, uliopangwa kuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao huja kwa kuchelewa. Mzazi huko ataambiwa mwanawe amechagua mkondo mwingine. Je, alichagua, au sanaa haikuwepo shuleni?