Ukeketaji: tusiseme ni mambo ya mbali

Ukizungumzia ukeketaji hapa Goma ao Bukavu, wengi wanakujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wengine. Kwa upande mmoja wana haki: Kongo haimo katika nchi 31 ambazo UNICEF inazihesabu. Lakini Tanzania na Kenya, tunakoenda kununua mali, zimo. Kenya peke yake, utafiti wa 2022 ulikuta wanawake 15 kwa 100 wamekatwa.

Na madhara tunayafahamu. Msichana anatoka damu, anapata pepopunda, mkojo unamuunguza. Miaka inapita, kidonda kinakuwa kovu gumu lisilotanuka. Mwaka 2006, OMS ilitoa utafiti juu ya wamama zaidi ya 28.000 waliojifungua katika nchi 6 za Afrika. Waliokatwa sana ndio waliopasuliwa zaidi wakati wa kuzaa, wakapoteza damu zaidi, na watoto wao wakafa zaidi: kwa kila uzazi 100, mtoto 1 ao 2 wa ziada. Kuna wanaosema basi kazi hiyo ifanywe na muuguzi, kwa wembe safi na sindano ya ganzi. Ganzi inanyamazisha kilio tu. Nyama iliyokatwa hairudi.

Sisi tuko na sheria. Ile ya tarehe 20 Julai 2006, tunayoitaja kila siku kwa ajili ya ubakaji, inaadhibu pia yeyote anayeharibu viungo vya uzazi vya mtu: kifungo cha miaka 2 hadi 5, na kifungo cha maisha kama mtu amekufa. Ni polisi wangapi wanaokijua kifungu hicho? Kifundishwe katika shule za wauguzi na kisomwe makanisani na misikitini, sasa, kabla ya kesi ya kwanza.

Maana sheria inaweza kutoka. Gambia, ambako wanawake 73 kwa 100 wamekeketwa, ilikataza mwaka 2015. Karibu miaka minane hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu haikumgusa mtu. Mwaka 2023 wanawake watatu wakahukumiwa kwa kukata wasichana 8, imamu mmoja akawalipia faini, na Machi 2024 wabunge 42 wakapitisha hatua ya kwanza ya kuifuta sheria. Wanne tu ndio waliopinga. Bunge lilijirudi mwezi wa saba, baada ya wanawake waliokatwa kusimama na kusimulia miili yao.